Masikio Ishirini na Manne

Senene husikia kwa miguu. Ukibisha, kamata panzi huyo mwezi wa Novemba, mgeuze, uangalie mguu wa mbele chini kidogo ya goti. Utaona mfuo mwembamba kama kovu la wembe. Hilo ndilo sikio lake. Mama zetu walinyofoa miguu hiyo wakaitupa jalalani tangu enzi na enzi wakiandaa kitoweo, wala hakuna aliyejua kwamba anatupa kitu kitakachokuja kuzilinda ndege.

Mimi nimesema uongo mwingi maishani mwangu, sikatai. Niliwahi kuwaambia abiria waliokwama kwamba magugu maji yamelishona ziwa letu hadi kuku wa jirani yangu akatembea kwa miguu mpaka kisiwa cha Musira, akaatamia huko, akarudi na vifaranga kumi na mmoja. Walikuwa tisa. Lakini hili la miguu ya senene ni kweli, na laiti lingekuwa uongo.

Ilikuwa mwaka wa kumi na tisa wa Mvua Ndefu. Meli zilikuwa zimeshindwa na magugu, barabara ya Biharamulo ilikuwa chini ya maji, na mtu wa Kagera aliyetaka kufika Mwanza alikuwa na njia moja tu, ya juu. Jumatatu hiyo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye meza ya majaribio katika karakana ya kiwanja cha Rwamashonga, nimeshika sikio jipya kwa kibanio.

Sikio, kwa lugha ya karakana, ni kidude cha kioo chenye ukubwa wa punje ya haragwe. Ndani yake kuna kipande cha mguu wa senene kinachoishi kwenye uji wa sukari, kimeunganishwa na nyaya mbili nyembamba kama unywele. Kila injini ina masikio kumi na mawili, na ndege ina injini mbili. Beringi ikianza kupata ufa, ule ufa mchanga ambao kitambuzi cha chuma hakiusikii hata kidogo, masikio yanapiga kelele. Si kelele ya kusikika; ni umeme kidogo unaokimbia kwenye waya mpaka kwa Karani, na Karani ndilo jina tulilolipa kompyuta ya ndege. Karani akihesabu masikio tisa yanalia pamoja, anaizima injini mwenyewe. Hamwombi kapteni ruhusa.

Shida ilikuwa mvua. Unyevu ulipita kila gasketi tuliyoweka kuzuia maji. Vitambuzi vya zamani vya chuma vilikufa kwa kutu, lakini haya ya senene hayakufa, yaliweweseka. Yakilowa tu, yanalia yote bila sababu, na Karani naye anazima injini nzima isiyo na kosa, katikati ya ziwa. Mwaka wa kwanza ilitokea mara tano. Mara ya tano zilizimika zote mbili. Hiyo sitaisimulia.

Aliyeleta dawa ni mke wangu, Kokutona. Alikuwa jikoni anakaanga senene, na senene hawakaangwi kwa mafuta ya dukani. Unawaweka kwenye sufuria kavu, moto mdogo, wanatoa mafuta yao wenyewe. Mimi nimekaa kwenye kigoda nalalamika kuhusu gasketi. Koku akasema bila kugeuka, "Kitu cha senene kipakeni cha senene. Nyinyi mmekazana na magundi ya ng'ambo, kwani senene porini anavaa koti la mvua?"

Nilicheka. Kesho yake nikachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta yake, nikapaka sikio moja, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Kimya. Nikapaka kumi na mawili. Kimya. Miaka sita ikapita bila Karani kuzima injini hata moja kwa sababu ya mvua. Vituo vinane vingine vikaomba mafuta hayo, vikawa vinayapata kwenye vikopo vidogo kutoka jikoni kwangu. Nilipostaafu hawakuniachia, walinirudisha kwa mkataba, wakanipa cheti na mbuzi. Mbuzi tulimla. Cheti kinavuja maji ukutani.

Sasa, Jumatatu hiyo. Kwenye meza nilikuwa nimewasha kilio, yaani rekodi ya beringi iliyopasuka, ili nione kama sikio jipya linasikia. Lilikuwa kavu, limepakwa mafuta, na lilikuwa linalia vizuri sana. Sindano ya kipimo imelala upande wa kulia. Bati la karakana lina tundu juu ya meza. Tone likadondoka, likalipata sikio sawasawa.

Sindano ikarudi sifuri.

Kilio kilikuwa bado kinaendelea. Beringi mbovu ilikuwa inasaga meno mezani pangu, na sikio lilikuwa kimya kama limekwenda msibani.

Nikalifuta kwa pamba. Likaanza kulia. Nikalidondoshea maji. Kimya. Nikachukua lingine, nikachukua lile lililotolewa kwenye ndege juzi kwa ukaguzi, nikachukua yote kumi na mawili ya kwenye trei. Kila moja, likiwa na mafuta na maji pamoja, lilikuwa kiziwi.

Hapo nikaelewa, na nilielewa kama mtu wa kwetu, si kama injinia. Senene hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama wingu, wakati wa mvua, wamenona, mamilioni, bawa kwa bawa. Kila mmoja angesikia makelele ya wenzake wote angepasuka kichwa. Kwa hiyo mwili ukinona na mvua ikinyesha, sikio linajifunga lenyewe mpaka safari iishe. Sisi tulilipaka mafuta, tukalimwagia mvua, na kile kipande cha mguu kwenye kioo kikadhani kiko safarini na ndugu zake. Hatukuwa tumeyakinga masikio na unyevu. Tulikuwa tumeyalaza.

Miaka sita tulipima kama sikio linanyamaza majini. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwa mkubwa wao, aliyepima kama linaweza bado kusema.

Simu ikalia mfukoni. Koku.

"Uko wapi wewe? Tumeshafika bandani. Nimekaa kwenye benchi kama gunia la kahawa, na Kemilembe amenibebea mkoba mpaka mgongo umempinda. Njoo uniage, au umepata mke mwingine kwenye hiyo karakana?"

*

Kutoka karakana hadi banda la abiria ni hatua mia mbili. Nilitembea bila mwavuli, na nilitembea nikiwa na nia moja tu: kwenda kwa Injinia Mringi, mkuu wa kituo, na kumwambia asimamishe ndege. Nia hiyo ilinidumu kama hatua mia moja na hamsini.

Nilimwona Koku kupitia kwenye kioo. Jumatatu ndiyo siku yake mbaya, kwa sababu anakuwa hajasafishwa damu tangu Alhamisi. Figo zake zilikufa miaka mitatu nyuma. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa mistari miwili, miguu imejaa hadi kandambili zimezama kwenye nyama. Mashine iko Mwanza. Alikuwa anakwenda Jumatatu na Alhamisi na kurudi kesho yake, na kila nilipomwambia ahamie Kirumba, kulekule Mwanza, kwa mpwa wake alikuwa na jibu moja: hatafia mjini kwa mtu anayepima sukari kwa kijiko, na migomba yake haina mkwe wa kuipalilia.

Pembeni yake alikaa Kemilembe, fundi cherehani wa Kanyigo, umri wa binti yetu wa mwisho. Naye figo. Yeye siku zake zilikuwa Jumanne na Ijumaa, mashine ileile, namba nne. Walikuwa wanaitana "mwenzangu wa mpira," kwa ile mipira inayotoa damu na kuirudisha. Kwa kuwa lori la Kanyigo lilikuja mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili, alilala kwetu hadi zamu yake ifike, na aliposubiri alitushonea mapazia, hata madirisha yasiyohitaji.

"Heee! Mtazame," Koku akasema. "Umelowa kama mtu aliyefukuzwa. Kemilembe, mpe mzee wako kanga ajifute."

"Shikamoo Ta Bashweka," Kemilembe akasema akinipa kanga; Ta kwetu ni heshima ya mzee. "Leo hujatuletea hadithi? Yule kuku hajarudi tena Musira?"

"Marahaba. Kuku ameolewa huko," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe, umezoea.

Nikawatazama abiria wengine. Kulikuwa na mwalimu na watoto wake watatu, padre mwenye kikohozi, mama mwenye trei za mayai zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, na watumishi wawili wa afya na jokofu la chanjo. Kumi na tisa kwa jumla. Hesabu hiyo naijua kwa sababu ilikuwa kwenye karatasi aliyonishikisha Kapteni Zaituni dakika ileile.

"Fundi mkuu, sahihi yako," Kapteni akasema. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mfupi, anayependa mambo yaende haraka. "Masikio?"

"Ishirini na manne."

"Yako kimya?"

Hilo ndilo lilikuwa swali letu kwenye fomu. *Masikio yote yako kimya?* Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

"Yako kimya," nikasema.

Nataka nieleze hapa nilichokuwa nakifikiri, na nitakieleza kilivyokuwa. Nikisema sasa hivi, ndege haziruki. Si hii tu. Vituo tisa, ndege arobaini na moja, zote zimepakwa mafuta ya jikoni kwangu. Utabiri ulikuwa unasema hakuna siku kavu kabla ya siku kumi na moja. Koku, kwa uvimbe ule, hakuwa na siku tano. Nisiposema, labda beringi zote ni nzima, kama zilivyokuwa nzima jana na juzi, kwa sababu kwa miaka sita hakuna kilichoharibika mvuani. Dakika hamsini tu juu ya maji. Akishatua, yuko ng'ambo, mashine iko pale, anaweza kukaa kwa mpwa wa kijiko mpaka mvua ikatike. Halafu nitasema. Nilijiambia halafu nitasema kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote.

Watoto wa mwalimu walikuwa wanagombania kiti cha dirishani na ndege yenyewe hawajaiingia.

Nikaweka sahihi. Kapteni akaandika saa pembeni yake: mbili na hamsini.

Nilimshika Koku mkono hadi kwenye ngazi. Alikuwa mzito, anahema.

"Mbona unanishika hivyo?" akauliza. "Unaniumiza."

"Utelezi."

"Utelezi wa miaka kumi na tisa leo ndiyo unauona." Akanitazama kwa ile mistari miwili. "Bashweka, kuna nini?"

"Ukifika, usirudi kesho. Kaa kwa mpwa wako kidogo."

"Kwa nini?"

"Mvua itazidi."

"Itazidi iende wapi?" akasema, lakini watu walikuwa nyuma yake, akapanda.

*

Kibanda cha redio kina dirisha moja na kiti kimoja. Mwongoza ndege alinipisha kwenye kiti, akidhani nimechoka. Nje, Kemilembe alikuwa amesimama chini ya kibaraza na ile kanga yangu iliyolowa, anaipungia ndege mkono ingawa ilikuwa imeshaingia kwenye mawingu.

Sitakudanganya kwamba niliomba Mungu kwa ajili ya watu kumi na tisa. Nilimwombea mmoja, na wengine nikawabandika pembeni, kama mtu anayeongeza majina kwenye barua iliyokwisha kuandikwa. Kila redio ilipokoroma niliongeza sauti. Dakika ya ishirini, Kapteni Zaituni akasema mvua kubwa, masikio kimya, injini zote safi. Dakika ya thelathini na tano akasema hivyohivyo. Masikio kimya. Nilitamani walau moja lilie, hata kwa uongo.

Saa nne kasoro dakika kumi, Mwanza wakasema, "Ametua."

 Halafu dhamiri yangu, ambayo ilikuwa imekaa kwenye kona kwa saa nzima, ikasimama ikajikung'uta, ikawa na haraka sana. Nilikimbia hadi ofisini kwa Injinia Mringi. Mzee wa miaka sitini na minane, nilikimbia.

"Simamisha ndege zote," nikamwambia.

Mringi alikuwa anakunywa chai. "Ta Bashweka, leo nina wakaguzi kwenye simu. Hadithi tutasikia mchana."

"Njoo karakana."

Aliona uso wangu, akaja na kikombe mkononi. Nikawasha kilio. Nikaweka sikio. Sindano ikalala kulia. Nikamwambia adondoshe maji mwenyewe, kwa kidole chake, ili asije akasema ni mikono yangu. Alidondosha. Akadondosha kwenye la pili. Kwenye la tatu aliweka kikombe chini.

"Ndege zote?" akauliza.

"Zilizopakwa zote."

"Tukiyafuta mafuta?"

"Yataweweseka mvuani kama zamani. Karani atazima injini nzima."

"Tukimfunga Karani asizime?"

"Basi yatalia mvua yote, na kapteni hatajua kipi kilio cha kweli na kipi cha maji. Tulijaribu mwaka wa pili. Unaukumbuka mwaka wa pili."

Aliukumbuka. Akatoa simu yake, akapiga makao makuu, na kwa dakika kumi nilimsikia akisema maneno machache yaleyale kwa watu wakubwa zaidi na zaidi. Alipomaliza, ndege arobaini na moja zilikuwa zimefungwa. Zilizokuwa angani ziliambiwa zitue kwenye kiwanja cha karibu na zibaki hapo.

Kisha akainamia kipimo changu. Kipimo kina kitabu chake cha ndani. Kinahifadhi saa ya kila jaribio. Akasogeza kidole kwenye kioo, akasoma, akasoma tena. Saa mbili na kumi. Saa mbili na kumi na mbili. Saa mbili na kumi na tano. Halafu akaitazama nakala ya fomu ya Kapteni Zaituni iliyokuwa imebandikwa ukutani.

"Mzee wangu," akasema taratibu. "Mimi nimekula kwako. Mama Koku amenilisha senene mpaka nikavimbiwa."

"Najua."

"Mle ndani ya ndege mlikuwa na watoto."

"Watatu."

  Mringi akachomoa fomu ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikujua anaificha au anaihifadhi, na hakuniambia.

*

Tangazo lilisomwa kwenye kipaza sauti saa tano. Banda likajaa makelele, kisha likawa tupu, kwa sababu hakuna la kufanya kwenye kiwanja kisicho na ndege. Kemilembe peke yake ndiye aliyebaki kwenye benchi. Alikuwa ameshika mkoba mdogo wa bluu. Nguo zake za kesho.

Nikakaa mwisho wa benchi. Sio karibu.

"Wanasema ni mafuta," akasema.

"Ni mafuta."

"Wanasema Ta Bashweka ndiye amegundua. Yule dada wa tiketi anakusifu, anasema umeokoa watu."

 Kemilembe ni fundi wa nguo. Jicho lake limezoea kuona mshono ulipofichwa. Alinitazama kuanzia viatu vilivyolowa hadi juu.

"Umegundua saa ngapi?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Ulikuwa umekaa ulimini, umeoga, umevaa. Saa nne, mwanangu. Nilikuwa tu nimekaa mezani, tone likadondoka. Nusu yake ingekuwa kweli.

"Kabla hajapanda," nikasema.

Mvua ilipiga bati. Kemilembe alifungua zipu ya mkoba, akaifunga, akaifungua.

"Kwa hiyo ulipotuambia kuku ameolewa ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na mkoba wake begani. Nilisimama pale mlangoni. Ungeniambia, 'Kemi, panda na wewe.' Kiti kilikuwepo. Nilikiona kiti."

Haki ya Mungu, hilo halikuwa limenipitia kichwani. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mvua, ya beringi, ya siku za mke wangu, na katika hesabu yote ile Kemilembe alikuwa mtu aliyebeba mkoba.

"Sikuwaza," nikasema.

"Hukuwaza." Alitikisa kichwa, polepole. "Sikia mzee. Ungesema asubuhi, tungebaki wote huku, mimi na Ma Koku, tungevimba pamoja, na ningekuombea rehema kwa sababu umefanya haki. Au ungekaa kimya mpaka kesho, nami nikapita, basi ni dhambi ya wawili, tungeibeba. Lakini wewe umekaa kimya kwa mkeo na umesema kweli kwangu. Siku moja! Ndege ileile! Hata mtoto wangu wa miaka minne akigawa karanga hagawi hivyo."

"Ningekaa kimya mpaka kesho, keshokutwa kuna mwingine—"

"Simjui huyo mwingine. Wala wewe humjui. Mimi unanijua. Mapazia yako nimeshona mimi."

Simu ikalia. Jina la Koku likawaka. Nilitaka kuinuka niende kupokelea nje, lakini Kemilembe alikuwa ameshaliona, na mvua ilikuwa nje, na nikapokea palepale.

"Nimefika," Koku akasema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyejaa maji. "Nipo wodini. Nimeitwa nimeambiwa zamu yangu saa sita. Redio ya hapa inasema mmefunga ndege zote. Inasema wewe."

"Ndiyo."

"Kemilembe atakuja na nini?"

Nilikuwa nimeona hilo swali linakuja kwa umbali kama mtu aonavyo lori kwenye barabara iliyonyooka, na bado lilinigonga.

"Koku, ingia kwenye mashine kwanza. Tutaongea."

"Uliniambia nisirudi kesho. Kwenye ngazi. Mvua itazidi." Akahema. "Ulijua nilipokuwa napanda?"

"Nilijua."

"Na wale watoto? Yule mdogo alilala mapajani mwangu njia nzima, Bashweka."

 Kwa mbali nilisikia mlio wa mashine za wodini, ule mlio wao wa kuhesabu.

"Mpe simu mwenzangu," akasema.

Kemilembe akaipokea kwa mikono miwili. Nilisikia upande mmoja tu. Aliamkia, akasema, "Nipo, Ma." Akasema, "Ameniambia mwenyewe, hajaficha." Akasikiliza. Akasema hapana. Akasema hapana tena, akainuka kwenye benchi. "Ma Koku, ingia kwenye mashine, waitu, tafadhali! Wewe umevimba tangu jana, mimi angalau niliingia Ijumaa. Usifanye hivyo. Mimi sitaki hivyo, unasikia? Ma? Ma!"

Aliishusha simu akaitazama, kisha akanirudishia.

"Amekata."

"Amesema nini?"

"Amesema mashine namba nne ni yetu wawili. Amesema amewaambia wauguzi wampe kiti dirishani, na hataingia kwenye mipira mpaka mimi nifike. Muuguzi amemgombeza, naye amemwambia nendeni mkamgombeze mume wangu."

Nilijaribu kumpigia. Ilikuwa imezimwa. Nikapiga wodini, muuguzi akasema bibi amekataa, ana akili zake timamu, hawawezi kumfunga kamba. Nikamuuliza ana muda gani. Akasema, kwa hali hii, tusizidi Jumatano asubuhi.

Niliitoa kofia yangu ya kazi nikaishika, sijui kwa nini. Hapo nilimwelewa mke wangu kuliko nilivyomwelewa katika miaka arobaini na miwili ya ndoa. Alikuwa amechukua kile nilichomwibia Kemilembe na kumrudishia, na hakuwa na kitu kingine cha kumrudishia isipokuwa mwili wake.

Kemilembe alikuwa amesimama mbele yangu. Midomo ilikuwa imemkauka. Hawa watu hawaruhusiwi kunywa maji mengi, hata wakiwa katikati ya mvua ya miaka kumi na tisa.

"Ta Bashweka," akasema, "hayo masikio, yakikauka kabisa yanasikia?"

"Yanasikia vizuri mno."

"Na tatizo ni maji kufika pale kwenye mguu."

"Yanapita kila mahali. Tulijaribu mpira, tukajaribu gundi, tukajaribu—"

"Mlijaribu miaka sita iliyopita. Baada ya hapo mlikuwa na mafuta, hamkujaribu tena." Akatundika mkoba wake begani. "Mangapi yale?"

"Ishirini na manne. Yako kwenye ndege ya akiba, kwenye banda la ndege."

"Twende tukayatoe, tutafute njia nyingine ya kuyakinga. Utanionyesha jinsi ya kuyafuta bila kuyaua. Baada ya hapo utafanya nini?"

Uongo mwingine ulikuja, mwepesi, wa kumfariji mgonjwa. Niliusikia unakuja nikauacha upite.

"Sijui," nikasema.

 Akanipa ile kanga, mbichi bado, akasema, "Funika kichwa. Ukiugua wewe, hatuna mwingine," akatangulia kutoka.